Kundi Ndani ya Kundi

Jumatatu asubuhi Fundi alikuwa kwenye kiti chake kibovu, kikombe cha chai mkononi, akijisifu kimoyomoyo. Kazi aliyoihangaikia wiki sita ilikuwa imesimama. Aliiwasha Ijumaa jioni, leo ofisi nzima inaitumia, na mpaka saa tatu hakuna aliyepiga kelele. Kwa mwanamke wa kompyuta kimya cha watu ndiyo makofi, na yeye alikuwa anayapokea makofi yake kwa raha zote.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Upande mmoja mitambo inavuma, upande wa pili kidirisha chenye nondo kinachoangalia uwanja wa magari. Shirika lenyewe lilihifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya majumbani. Lilikuwa na washauri kumi na wawili, wapishi, madereva kumi na wanane, na nyumba tisa za hifadhi zilizotawanyika mjini, hazina kibao wala bendera. Jirani angeapa ni nyumba za watu wa kawaida tu. Hata madereva hawakuzijua; waliokwenda huko ni washauri, kwa magari yao.

Zamani kila mfanyakazi alipewa ruhusa zake kwa mkono, moja moja. Mtu akihamia idara nyingine, ruhusa za zamani zinamfuata kama harufu ya moshi kwenye nguo. Fundi akasema imetosha. Kulikuwa na seva iliyobeba orodha ya wafanyakazi wote na makundi yao: washauri, wapishi, madereva. Akauelekeza mfumo wa shirika kwamba mtu akiingia, usihangaike naye yeye. Iulize orodha yuko kundi gani, kisha umpe ruhusa za kundi lake. Mpishi aone stoo. Dereva aone karatasi za safari. Mshauri aone faili za wateja na anwani za nyumba za hifadhi. Yeye mwenyewe alijinyima. Mafundi aliwapa ruhusa ya kuona nani kafungua ukurasa gani na saa ngapi, lakini kilichomo ndani ya ukurasa hawakioni. Aliona ndiyo heshima ya kazi.

Simu ikalia. Alikuwa dada wa mapokezi.

"Fundi wangu, mbona leo mfumo unafunguka haraka hivi? Umeupaka pilipili?"

"Nimeutia akili."

"Basi nitie na mimi kidogo."

"Wewe, mama, seva nzima haitoshi."

Walicheka wote wawili, na Fundi alikuwa bado anacheka alipofungua kumbukumbu za mfumo, ule ukurasa unaoandika kila aliyepita na alikopita. Alitaka tu kuwaona washauri wakiingia kwenye nyumba mpya aliyowajengea. Mistari ilikuwa imejipanga kama ilivyotakiwa. Mshauri, faili la mteja. Mpishi, stoo. Mshauri, faili la mteja. Kisha:

*Dereva namba saba. Saa 3:04. Nyumba ya Hifadhi ya Kwanza. Imefunguliwa.*

Na chini yake:

*Dereva namba saba. Saa 3:08. Nyumba ya Hifadhi ya Pili. Imefunguliwa.*

Aliitua simu bila kuaga.

Dereva namba saba alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Ofisi nzima ilimwita Sekunde, kwa sababu akisema atafika saa nne na robo ungeweza kurekebisha saa yako kwa honi ya gari lake. Mcheshi, msafi, shati limepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Mji wote ulikuwa kichwani mwake. Umtajie kichochoro, atakuambia kina nyumba ngapi na mbwa wangapi. Wapishi walimwekea ukoko. Washauri walimgombania kwenye safari ndefu. Na Fundi ndiye aliyemleta ofisini miaka mitano iliyopita, akamwombea kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Nyumbani, saa ile ile ilikuwa kitu kingine. Mkewe akienda dukani alipewa dakika kumi na mbili, maana Sekunde alishautembea ule mwendo kwa miguu yake akaupima. Dakika ya kumi na tatu ilikuwa na adhabu. Mara ya mwisho adhabu ilikuwa mkono kubanwa na mlango, polepole, huku mtoto wao wa miaka minne ameambiwa ahesabu moja mpaka kumi kwa sauti.

Mtoto alikosea kwenye saba. Ikabidi aanze upya.

Miezi miwili iliyopita mdogo mtu alitoka na binti yake na mfuko mmoja wa nguo, akaja kwa dada yake, na dada akamkabidhi kwa mkuu wa washauri. Huyo wote walimwita Mama Kimya, kwa vile hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mama Kimya alitaka Sekunde afukuzwe kazi siku hiyo hiyo. Mdogo mtu alimpigia magoti. "Akikosa kazi atakuwa na siku nzima ya kunitafuta," alisema. "Mwacheni aendeshe, Mama. Angalau mtakuwa mnajua yuko wapi." Wakamwacha aendeshe. Mke akafichwa chini ya pua ya mumewe, katika nyumba mojawapo ya zile tisa, na hata Fundi hakuambiwa ni ipi. Hakuuliza. Aliogopa asije akaota usingizini akaropoka.

Na kila asubuhi Sekunde alisimama kwenye kidirisha cha nondo.

"Shemeji, hujasikia lolote kuhusu mdogo wako?"

"Sijasikia, shemeji."

"Tuzidi kuomba," alikuwa akisema, na macho yalimlowa kweli. Hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko yote. Machozi yalikuwa ya kweli.

Sasa alikodolea macho skrini. Haiwezekani, alijiambia. Aliwapa ruhusa ile washauri peke yao. Alijaribu. Alihakiki. Akafungua orodha ya kundi la washauri akayasoma majina, kidole kikigusa kioo: mmoja, wawili, watatu, mpaka kumi na wawili. Wote washauri. Na chini kabisa, mstari wa kumi na tatu ambao Ijumaa jicho lake liliuruka kwa sababu haukuwa jina la mtu. Pembeni ya kila mshauri kulikuwa na alama ya kichwa kimoja. Pembeni ya mstari huu kulikuwa na alama ya vichwa viwili.

*Madereva.*

Kundi zima, ndani ya kundi.

Alikumbuka papo hapo, na alitamani asikumbuke. Miaka mitatu nyuma printa ya madereva iliharibika. Wakaja mlangoni wamekunja nyuso, hawawezi kutoa karatasi za safari. Printa ya washauri ilikuwa nzima lakini iliwakubali washauri tu. Badala ya kuingiza madereva kumi na wanane mmoja mmoja, Fundi alilichukua kundi lao lote akalitumbukiza ndani ya kundi la washauri. Kubonyeza mara tatu tu. "Ni kwa wiki moja," aliwaambia. Sekunde alimletea soda siku ile kumshukuru. Printa mpya ilikuja, wiki ikapita, miaka ikapita, na hakuna aliyeumia, maana zamani kundi lile lilifungua printa tu. Mpaka Ijumaa, alipolifanya lifungue anwani.

*Dereva namba saba. Saa 3:12. Nyumba ya Hifadhi ya Tatu. Imefunguliwa.*

Dakika nne kila nyumba. Alikuwa ananakili kwa mkono, bila haraka, kama anavyoendesha. Fundi alimwona akilini: chumba cha madereva uani, ile kompyuta ya kona, mgongo ulionyooka, kalamu.

Akalitoa kundi la madereva ndani ya kundi la washauri. Akahifadhi. Akaangalia mara mbili. Limetoka. Akashusha pumzi.

*Dereva namba saba. Saa 3:16. Nyumba ya Hifadhi ya Nne. Imefunguliwa.*

"Hapana," alisema kwa sauti, peke yake na mitambo. "Hapana, nimekutoa. Nimekutoa wewe!"

Kisha akaelewa. Mfumo huiuliza orodha mara moja tu, pale mtu anapoingia. Akishaingia amekwisha kuvalishwa ruhusa zake, na atatembea nazo mpaka atoke mwenyewe. Yeye ndiye aliyeupanga hivyo, ili watu wasilalamike mfumo ni mzito. Amefunga mlango, na mtu yuko ndani.

Alimpigia Mama Kimya. Simu ikaita mpaka ikachoka. Jumatatu saa tatu washauri huwa kwenye kikao, na simu zao huwa kwenye kikapu karibu na mlango. Kanuni ya Mama Kimya mwenyewe.

Kulikuwa na njia moja. Kuuzima mfumo mzima na kuuwasha upya, kila mtu atoke. Lakini ghorofa ya tatu kulikuwa na dada wa simu ya dharura, mshauri wa zamu asiyeingia kikaoni, na taa yake ilikuwa inawaka: kuna mwanamke alikuwa anazungumza naye wakati ule, na dada yule alikuwa anasoma faili lake kwenye mfumo huo huo. Ukimkatia katikati, mwanamke asiyejulikana yuko wapi ataachwa anashika simu isiyo na majibu. Fundi aliweka kidole juu ya kitufe akakitoa. Akakirudisha. Mtu mmoja hamjui, mwingine ni damu yake. Aliona haya kwamba anafikiri hivyo, na aliendelea kufikiri hivyo hivyo.

Saa 3:20 ilifika. Alingoja mstari wa tano.

Haukuja.

Saa 3:21. Hakuna. Saa 3:22. Mistari ya wengine ilipita, mpishi, dereva mwingine, dada wa dharura, lakini dereva namba saba alikuwa ametulia juu ya nyumba ya nne. Ukurasa ule Fundi aliusanifu mwenyewe, aliujua. Majina hayawekwi. Juu huandikwa mtaa na wakazi: akina mama wangapi, watoto wangapi, umri wao. Chini kuna kitufe cha kufungua alama za njia: kona ipi, lango la rangi gani. Mtu anayetafuta hupita haraka kwenye nyumba ambayo siyo yake. Asipopita, kuna alichokiona. *Mama mmoja. Mtoto mmoja, wa kike, miaka minne.*

Alikuwa anafanya nini dakika zote zile? Anacheka? Analia? Ameenda kufunga mlango wa chumba cha madereva?

Fundi akabonyeza. Mfumo mzima ukazimika.

Simu ya mezani ikaanza kupiga kelele hapo hapo. "Fundi, pilipili imezidi huku!" dada wa mapokezi alikuwa anasema, lakini mkono wa simu ulikuwa unaning'inia kwenye waya wake na Fundi alishafika nusu ya ngazi, viatu mkononi.

Aliingia kikaoni bila kubisha hodi. Nyuso kumi na moja ziligeuka.

"Mama, toka. Tafadhali, toka sasa hivi."

Mama Kimya hakuuliza mbele ya watu. Walisimama ukumbini, na Fundi akayatapika yote, printa, kundi, Ijumaa, bila kujitetea hata kwa neno moja. "Amefika nyumba ya nne, Mama. Kwenye ya nne alisimama."

Uso wa mama yule haukubadilika. Ila mkono wake ulitafuta ukuta.

Fundi akaelewa. Hakuhitaji kuambiwa.

"Yuko wapi?" Mama Kimya aliuliza.

"Yuko uani. Gari lake nimeliona dirishani."

"Sikiliza, mwanangu. Nitampigia mlezi wa nyumba awafungashe, na nitawafuata mwenyewe kwa gari langu. Polisi nitawapigia njiani, lakini unawajua, watauliza amefanya kosa gani, na mpaka sasa amesoma tu. Nahitaji nusu saa." Alimshika Fundi kidevu kama mtoto. "Unipe nusu saa. Mshikilie."

"Nimshikilie vipi?"

"Sijui. Nipe tu."

Fundi alishuka ngazi amevaa viatu vyake, akijilazimisha kutembea. Alipanga ampigie simu Sekunde, abuni kijisababu, amwite. Hakuhitaji. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na Sekunde alikuwa amekaa kwenye kiti kibovu, mguu juu ya mguu, funguo za gari zikizunguka kwenye kidole chake.

"Shemeji," alisema, akitabasamu. "Mtandao wako umenitema kama mbegu ya chungwa."

"Umemtema kila mtu, shemeji. Nauwasha upya." Sauti yake ilitoka vizuri kiasi kwamba aliishangaa. "Nipishe kwenye kiti changu."

"Kiti gani hiki, shemeji, kinalia kama mbuzi. Nitakuletea msumari." Alisimama, lakini hakutoka. Aliegemea mlango, na mlango ukajifunga taratibu nyuma ya mgongo wake. "Nina safari saa nne. Karatasi yangu imo humo."

Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika ishirini na nane. Fundi aliuwasha mfumo na kuuacha ujiburute. Kuwaka kunachukua dakika tatu. Aliongeza mambo yasiyo na maana, akafungua hiki akafunga kile, mistari myeusi ikapanda kwenye skrini. Sekunde aliitazama kana kwamba anaisoma.

"Mnafanya kazi ngumu nyie," alisema. "Mnajua kila kitu cha kila mtu."

"Hatujui kitu. Tunashika nyaya tu."

"Ehe."

Mfumo ukawaka. Fundi alisema namba saba imegoma, lazima abadilishe neno la siri. Kanuni mpya.

"Herufi kumi na mbili," alimwambia, akimpisha kibodi. "Na namba. Na alama."

"Kumi na mbili! Shemeji, mimi naendesha gari au ndege?"

"Ndiyo kanuni."

"Basi nitaandika jina la mwanangu. Lina herufi tano. Nikiliandika mara mbili, kumi." Aliandika kwa kidole kimoja, akilitamka kwa upole, herufi baada ya herufi, na Fundi alisikia kila moja ikimpanda uti wa mgongo. "Halafu umri wake. Limekataa."

"Huruhusiwi kurudia neno."

"Nani aliyeniwekea kanuni hii?"

"Mimi."

Alimtazama. Kisha akacheka, akaanza upya. Mara ya tatu Fundi mwenyewe alilikataza, kisirisiri, kwenye skrini ya pili. Mara ya nne pia. Jasho lilimtiririka chini ya mkono. Saa ya ukutani ilikuwa nzito kama imefungwa jiwe. Tatu na arobaini. Alizungumza: joto, matairi, mpishi mkuu na meno yake mapya. Sekunde alijibu kila kitu kwa adabu. Mara ya tano hakuwa na kisingizio tena, na mfumo ukamkubali.

Ukurasa ulifunguka. *Karatasi za safari.* Hakuna kingine.

Sekunde aliutazama muda mrefu.

"Asubuhi kulikuwa na kitu kingine hapa," alisema.

"Kitu gani?"

"Orodha. Pembeni hapa. Nilibonyeza alama za njia, ukaniambia kwaheri."

"Labda hitilafu, shemeji. Ndiyo maana niliuzima."

"Hitilafu." Aliangalia saa ya mkononi, si ya ukutani. "Umenikalisha dakika kumi na tisa kwa kazi ya dakika mbili. Wewe, unayebadilisha neno la siri la mtu huku unakula mkate." Alisema bila hasira, kama anayesoma kibao cha barabarani. "Kumbe umejua siku zote. Miezi miwili nakuja kwenye dirisha lako nalia kama mpumbavu, na wewe unaniambia hujasikia."

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mitambo. Joto lake lilipenya kwenye blauzi. Kati yake na mlango alikuwa Sekunde, ameweka mkono mmoja kwenye kitasa, kwa utulivu, kama mtu anayepumzika.

"Wako wapi?"

"Sijui."

"Lango lina rangi gani?"

"Wallahi sijui. Nilijinyima kujua."

Alimsogelea. Alinukia sabuni. Aliinama kidogo ili macho yao yalingane, akayachungulia, jicho la kulia, jicho la kushoto, kama anayeangalia mafuta kwenye injini. Mwanamume yule alikuwa ameishi kwa kupima uongo wa mwanamke mmoja miaka saba. Alijua kazi hiyo. Na kwa mara ya kwanza siku ile Fundi alimshukuru Mungu kwa ujinga wake, kwa sababu ndani ya macho yake hakukuwa na lango la rangi yoyote la kuiba.

"Kweli hujui," Sekunde alisema, karibu kwa huruma.

Kisha: "Mtaa ninao. Mtaa unanitosha."

Akafungua mlango akatoka. Hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea siku zote, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tatu na dakika arobaini na nane. Mama Kimya alikuwa amepata dakika ishirini na tano tu.

Fundi alipiga mbio mpaka uani. Gari namba saba lilikuwa linatoka langoni, taa ya kuashiria kona ikipepesa kwa adabu. Mlinzi alikuwa bado ameshika mnyororo.

"Umemruhusu? Kwa nini umemruhusu!"

"Ana karatasi ya safari, Fundi. Amebeba hata katoni za sabuni. Kuna nini? Mbona umekuwa mweupe?"

Alimpigia Mama Kimya. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alisimama katikati ya uwanja wa magari, jua kali la kuelekea saa nne utosini, na hapakuwa na kitu chochote duniani ambacho mikono yake ingeweza kubonyeza. Alijaribu kuhesabu. Kutoka hapa mpaka mtaa wowote wa mji huu Sekunde hachukui zaidi ya robo saa. Alihesabu kumi kwa sauti, bila kujua kwa nini. Alipofika saba alijiziba mdomo kwa kiganja.

Dada wa simu ya dharura aliteremka kumtafuta. Fundi alidhani atatukanwa.

"Yule mama alinisubiri," dada alisema. "Simu haikukatika, faili tu ndilo lililopotea. Fundi? Kaa chini. Kaa hapa kwenye ukingo." Wakakaa wote wawili kwenye ukingo wa saruji, na dada yule, aliyezoea kazi ya kungoja na watu, akangoja naye.

Saa nne na dakika kumi na moja simu iliita. Namba ya Mama Kimya.

"Tunao," sauti ile ya chini ilisema. "Tuko njiani, mbali. Usiniulize wapi."

"Siulizi, Mama."

"Polisi wamemkuta mtaani. Alikuwa anabisha hodi nyumba moja moja, anasema ameleta sabuni ya shirika. Milango sita walikuwa wameshamfungulia, wakamwambia amepotea njia, wengine wakamwonyesha njia. Wamemchukua maelezo, mwanangu. Maelezo tu. Jioni atakuwa nje. Gari na kazi nimemnyang'anya, basi, hicho ndicho nilichoweza."

"Makosa ni yangu."

"Ndiyo," alisema Mama Kimya, na Fundi alimheshimu kwa kutomdanganya. "Kesho tutayazungumza. Anwani zote zitoke kwenye mfumo wako leo. Nyumba zote nne alizozisoma zinahamishwa kabla ya usiku, akina mama kumi na mmoja na watoto wao. Zile mpya nitaziweka kichwani mwangu. Kuna mtu anataka kukusikia."

Simu ilikwaruza. Fundi alidhani ni mdogo wake. Alisikia pumzi ndogo, ya haraka.

"Mama mkubwa! Tumepanda gari!"

"Nasikia, mwanangu. Zuri?"

"Tumelala chini ya viti, mama kanifunika shuka. Mama mkubwa, nilitoa kichwa. Nimemwona baba!"

Dada wa dharura alimshika bega.

"Wapi, mwanangu?"

"Barabarani! Alikuwa anakwenda kule, sisi tunakuja huku. Nikampungia. Nikamwita, baba, baba! Mama akanivuta. Alinifinya, mama mkubwa, ameniumiza."

"Baba alikuona?"

Alimsikia mtoto akifikiri, na nyuma yake injini ya gari, na nyuma ya injini kitu kama meno ya mtu yanagongana.

"Aliangalia saa," mtoto alisema. "Ningepunga na mkono mwingine angeniona. Huu mfupi. Mama mkubwa, tukikutana naye tena, nipunge na mikono yote miwili?"

Fundi alifungua mdomo. Mtoto alikuwa anangoja jibu, kwa hamu, kwa adabu, na nyuma yake mama yake alikuwa anangoja pia.

"Mpe mama simu, mwanangu," alisema mwishowe.

Lakini mama yake hakuichukua. Walibaki hivyo, simu imefunguliwa, gari linakwenda, na mtoto akaanza kumsimulia jinsi chini ya kiti kulivyokuwa na giza.